Viatu Vinaishia Barazani

Mguu wangu wa kushoto una vidole vinne. Mjukuu wangu anayeandika maneno haya alitaka tuanze na utoto wangu, kwa kuwa ndivyo wazee wanavyotarajiwa kuanza. Nimemkatalia. Utotoni mwangu hamna jambo la kuonea haya, na mimi nimemwita akae hapa na kalamu yake kwa sababu ya haya. Sikupelekwa shule. Lau ningejua kuandika, ningeyaandika haya peke yangu, nikayakunja, nikampa mama yake. Imebidi yapite kwanza mkononi mwa mwanawe, na hilo nalo nalihesabu kuwa sehemu ya adhabu yangu.

Nyumba yetu iko Kiwangwa, nyuma yake shamba la mananasi, mbele yake baraza ya kukalia watu sita. Marehemu mume wangu alipoijenga ilikuwa ya udongo, na sakafu tulikuwa tukiisiliba sisi wanawake kwa mikono yetu. Sheria ya nyumba niliipokea kwa mama mkwe wangu, nami nikaishika kuliko alivyoishika yeye: viatu vinaishia barazani. Awe shehe, awe mwenyekiti wa kijiji, awe bwana wa mjini mwenye viatu vya kung'aa, anavua pale ngazini na kuingia kwa miguu aliyoumbwa nayo. Ndani ndimo tunamoswali, ndimo tunamolaza watoto wachanga, ndimo tunamotandika mkeka tukala. Kiatu kinatoka njiani, na njiani hupita ng'ombe, walevi na mbwa.

Mimi mwenyewe niliolewa nikiwa sijapata kuvaa kiatu kilichonunuliwa kwa ajili yangu. Siku chache kabla ya harusi alikuja shangazi yake mume wangu na chane ya ukuti, akanipima mguu kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole gumba, akaukata ukuti pale ulipofikia, akaondoka nao. Ulirudi ukiwa makubadhi ya ngozi, yaliyonikaa kama niliyozaliwa nayo. Makubadhi yalikuwa ya harusini, ya mazikoni na ya safari za Bagamoyo mjini. Ndala zilikuwa za msalani na kisimani. Shambani sikuvaa kitu, ingawa majani ya nanasi yana meno kama msumeno. Nilijivunia nyayo zangu. Nilikuwa nikikanyaga mwiba, nausikia ukivunjika kabla haujanichoma, nami nawacheka wenzangu waliokuwa wakirukaruka njiani kama kuku waliomwagiwa maji.

Mwanangu alioa Mlingotini, kwa watu wa pwani. Huyo mkaza mwanangu alikuja mtaratibu, mwenye adabu, asiyeniita isipokuwa kwa kupiga goti. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilisema kwamba adabu nyingi huficha jambo. Miaka michache baadaye mwanangu aliuza mananasi vizuri, akaimwagia sakafu yote saruji. Nilifurahi mno. Saruji haihitaji kusilibwa, na uchafu huonekana juu yake hata ukiwa mdogo kama chawa. Sikujua kwamba udongo hukubeba na saruji hukupiga.

Mkaza mwanangu alipojifungua mtoto wake wa pili, mdogo wa huyu anayeandika, kisigino chake cha kulia kilianza kumuuma. Asubuhi alipoamka alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja ukutani, mpaka jua lichomoze ndipo aukanyage mguu kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa na tasbihi yangu nikimtazama.

"Tembea, mwana wa watu," nilimwambia. "Humu ndani hamkutandazwa mayai."

"Ndiyo, mama."

Alikwenda hospitali ya mjini. Aliporudi alinitolea shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akafungua mfuko na kuweka mbele yangu jozi ya viatu laini vya rangi ya kahawia. Soli zake zilikuwa nene. Ukiibonyeza kwa kidole inazama, halafu inarudi.

"Daktari amesema nisikanyage saruji mguu mtupu, mama," alisema. "Hivi ni vya ndani tu. Havitatoka nje hata siku moja. Ni vipya, havijakanyaga njia."

"Kiatu ni kiatu."

"Wakati wa kuswali nitaviacha chumbani kwangu."

"Mama yako kule Mlingotini anavaa viatu jikoni?"

"Havai, mama."

"Basi wewe umekuwa nani?"

 Alivivaa, na mume wake, ambaye ni mwanangu, alinitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze, nami nikanyamaza kwa ulimi. Kwa siku nne mkaza mwanangu alitembea nyumbani mwangu bila kushika ukuta. Alifagia, alipika, alimbeba mtoto, na mguu wake ulikuwa mguu. Mjukuu wangu aliandike hili kwa herufi kubwa kama inawezekana: niliona. Nisingeona, ningekuwa na udhuru. Niliona kwamba maumivu yamempungukia, na kilichoniuma mimi ni kwamba sheria yangu imevunjwa mbele ya macho yangu na aliyeivunja amepata nafuu.

Siku ya tano alikwenda shamba. Niliingia chumbani kwake, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, nikainama, nikavitoa viatu vile chini ya kitanda. Nilikwenda navyo nyuma ya nyumba, nikafunua shimo la choo. Nilisikia cha kwanza kikifika chini. Ningeweza kukisikia hicho nikasimama. Nikatupa na cha pili.

Alipovitafuta, alinijia uani. "Mama, hukuviona viatu vyangu?"

"Huenda ni mbwa wa jirani," nikasema. "Nimemwona akizungukazunguka hapa."

 Akasema, "Huenda, mama," akaenda kuwasha moto.

Mimi niliwachapa watoto wa nyumba hii kwa uongo mdogo kuliko ule. Niliwachapa kwa uongo wa sukari iliyolambwa na kikombe kilichovunjika. Ule wangu niliuacha ukakaa nyumbani miaka minane, ukala na sisi, ukalala na sisi. Naye hakununua vingine. Kila asubuhi nilisikia kiganja chake kikipita ukutani, na nilipoulizwa na wanawake wa kisimani mbona mkaza mwanangu hachapuki, nilisema amelelewa kivivu, anajivuta kama kobe. Walicheka. Nilicheka nao.

Maradhi ya sukari yaliniingia polepole. Hospitali niliambiwa mapema, nikapewa vidonge, nikavimeza siku nilizojisikia kuvimeza. Vidole vya miguu vikaanza kuwa kama vimefungwa pamba. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni uzee, na uzee sikutaka mtu anionyeshe.

Ndipo ilipotokea khitma ya jirani yetu. Wanawake tulijaa ndani, na mlangoni pakawa na chungu ya ndala, karibu zote za buluu, kwa kuwa ndizo zilizoletwa dukani mwaka huo. Dua ilipokwisha kila mtu akapenyeza mguu, akaitafuta yake kwa unyayo huku midomo ikiendelea kuzungumza. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Ndala yako huijui kwa macho. Unaijua kwa namna mguu wako ulivyoichimba. Nami nikapenyeza miguu yangu kama wenzangu, nikavaa, nikaenda zangu. Mwendo ule ni wa kutosha mtu kumaliza tasbihi moja.

Nilivua barazani, nikaingia. Baada ya kula niliona madoa mekundu sakafuni.

"Nani ametema ubuyu humu ndani?" niliuliza.

Watoto walisema si wao. Niliwaambia waongo hawana haya, na nikamwamuru mama yao apige deki. Alipiga magoti akafuta, kuanzia mlangoni hadi kitandani kwangu, na mimi nikiwa nimesimama juu yake nikimwonyesha kwa kidole: pale, na pale, umeruka hapa.

Asubuhi madoa yalikuwa yamerudi. Safari hii hakungoja kuamriwa. Alichukua tambara, akafuta moja, akalinusa.

"Mama, hii si ubuyu. Ni damu."

"Ya nani?"

 Aliyafuata madoa kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka yalipokoma, na yalikoma chini ya kiti nilichokalia. Alikuja, akaketi chini, akauinua mguu wangu wa kushoto akauweka pajani pake. Niliona uso wake ukibadilika. Mimi sikusikia kitu. Aligusa kwa kidole pale palipotoboka chini ya kidole cha pili, akaniuliza kama inauma, nikamwambia aguse basi, naye tayari alikuwa ameshagusa.

Alikuwa anauosha mguu katika beseni shoga yangu alipopiga hodi. Ni mwanamke wa rika langu, mcheshi, anayeweza kuchekesha hata mbele ya jeneza.

"Nimekuja kukiri wizi," alisema kabla hajakaa. "Tangu jana natembea na ndala yako mpya. Nikasema kumbe dua ya khitma imenifikia mimi badala ya marehemu. Nirudishie yangu, shoga, hiyo haivaliki na mtu asiyeizoea. Gidamu ilikatika, nikapigilia msumari kwa jiwe, na ncha imetokeza. Mimi mwenyewe naikanyagia ubavuni. Hukuusikia?"

Kisha akaliona beseni, na maji yake mekundu. Nilimjibu kwa kuwa aliuliza. Nilimwambia sikuusikia.

Tulichelewa, kwa sababu nilikataa kwenda hospitali siku tatu, nikisema msumari si nyoka. Kidole cha pili kilipokuwa cheusi kama zambarau, mwanangu hakuniuliza tena, alinibeba. Kidole kilibaki chumba cha upasuaji, mimi nikarudishwa wodini. Muuguzi aliyenifunga alikuwa msichana mwenye sauti ndogo isiyoyumba.

"Bibi, kuanzia leo hukanyagi chini mguu mtupu," alisema. "Si shambani, si msalani, si ndani ya nyumba. Na ndala za gidamu basi. Utavaa kiatu kilichofunika vidole, kipana mbele, kilichoshika nyuma. Kabla ya kuvaa, mtu atie mkono ndani apapase, maana wewe jiwe hutalisikia."

"Kwangu viatu vinaishia barazani," nilimwambia.

"Basi, bibi, na miguu itaishia barazani."

Mkaza mwanangu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mkoba wangu. Asikanyage saruji mguu mtupu: maneno yale yale aliyoniletea yeye miaka minane nyuma, mimi nikayatupa chooni. Nilimngojea anitazame. Hakunitazama. Alimuuliza muuguzi ni wakati gani wa siku unaofaa kujaribu viatu, naye akaambiwa alasiri, mguu ukiwa umevimba, ili kiatu kisije kikatosha asubuhi na kubana jioni.

Kwa hiyo alinipima alasiri. Kule mjini viatu vina nambari, lakini mimi sina nambari yangu, maana tangu harusi sijanunua kiatu cha kufunika. Alichana ukuti kama shangazi yule alivyofanya. Alichana vipande vinne: urefu wa mguu wa kulia, urefu wa kushoto, na upana wa kila mmoja pale unapopanuka. Alipima akiwa amepiga magoti kwenye saruji. Alipomaliza, alisimama kwa kushika ukuta. Nilikisikia kile kiganja, na kwa mara ya kwanza nilikisikia moyoni.

Tulikwenda sokoni Bagamoyo, kwa muuza mitumba aliyetandaza viatu juu ya turubai. Mkaza mwanangu alikuwa akiulaza ukuti ndani ya kiatu. Ukipinda, anakirudisha bila maneno. Ukilala wenyewe na nafasi ya kidole gumba ikabaki mbele, anatia mkono, anapapasa mshono kwa mshono. Kilichokuwa na uzi uliojikunja ndani alikikataa, hata kilipokuwa kizuri. Mimi nilipenda viatu fulani vyeusi vya ncha, vya heshima, vinavyofaa msibani. Aliupima upana, akatikisa kichwa.

"Hivyo vitakupendeza, mama, na vitakula kidole kingine."

Za shambani alinichagulia raba ngumu, soli yake haipindwi kwa mikono, mwiba wa nanasi usipite. Za kutokea alinichagulia sandali zilizofunika mbele, zenye mikanda ya kubandika, zifunguke kadiri mguu unavyovimba. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi.

"Bi mkubwa, hizo ukivaa unasahau kama una miguu."

"Kusahau miguu ndiko kulikonileta hapa," nilimwambia. "Nataka za kunikumbusha."

Alicheka, akadhani ni mzaha.

Nikasema basi, mbili zinatosha, twende. Mkaza mwanangu akasema, "Bado vya ndani, mama. Vya ndani ndivyo utakavyovaa zaidi." Akainama upande wa pili wa turubai, akarudi na jozi ya viatu laini vya kahawia. Aliibonyeza soli kwa kidole. Ikazama, ikarudi. Sidhani kama vilikuwa sawasawa na vile. Pengine macho yangu ndiyo yaliyovifanya viwe vile. Aliulaza ukuti, ukalala.

"Chukua na wewe jozi ya ndani," nilimwambia.

"Mimi nimeshazoea, mama."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekataa kuongezewa chai kwa kuwa ameshiba, huku akiendelea kupapasa ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimekaa juu ya kigoda cha muuzaji, mguu wangu wenye bandeji mbele yangu, watu wakipita. Nikaona kwamba nikirudi nyumbani na neno lile tumboni nitaingia nalo kaburini.

"Vile viatu vyako," nilisema. "Havikuchukuliwa na mbwa."

Mkono wake ulisimama ndani ya kiatu.

"Najua, mama," alisema. "Mbwa huchukua kimoja."

"Mbwa gani tena, bi mkubwa?" muuzaji akauliza. 

Miaka minane alikuwa akijua. Alikuwa akijua kila asubuhi alipopita mbele yangu akishika ukuta. Alijua siku alipoufuta mchirizi wa damu yangu nami nikimwonyesha alikoruka. Nilitamani turubai lile linifunike. Nilimwagiza muuzaji alete jozi nyingine ya viatu laini, na mkaza mwanangu alipoingiza mguu wake, niliinama, kwa tabu, nikabonyeza ncha kwa kidole gumba nione kama imebaki nafasi. Ilikuwapo. Nikapapasa na kisigino. Yeye alitazama pembeni, kwenye masufuria ya jirani, mpaka nilipomaliza.

Sasa hapa nyumbani kuna jozi mbili za viatu ndani ya mlango wa chumbani, na sheria ya baraza imebaki kwa wageni. Shoga yangu alipozikuta aliniuliza ni lini nimejiuzulu. Wengine wamenong'ona kwamba mkaza mwana amepanda kichwani mwa mama mkwe. Wacha wanong'one, mimi niliwapa cha kucheka miaka mingi.

Kisigino chake hakijapona. Ameambiwa kilichoachwa muda mrefu huchukua muda mrefu. Bado asubuhi anashika ukuta, ingawa kwa hatua chache. Naye kila asubuhi, kabla hajavaa vyake, hutia mkono ndani ya vyangu, kimoja kimoja, akapapasa hadi mbele, akavigonga, akavipanga nilipo.

Ninalotaka kulisema ni hili. Pale sokoni nilisema kweli, lakini kusema kweli hakutoshi, na mimi sikusema zaidi. Kwetu sisi radhi huombwa na mdogo kwa mkubwa. Nimeombwa radhi na wanangu, na wadogo zangu, na huyu mkaza mwanangu mwenyewe kila Ramadhani inapokaribia, hali yeye hana alilonikosea. Mama mkwe akimwomba radhi mke wa mwanawe sijapata kumwona, na maneno yake sikufundishwa yanaanzia wapi. Mara nyingi nimefungua kinywa asubuhi mkono wake ukiwa ndani ya kiatu changu, nikaishia kuomba maji.

Mjukuu wangu hajainua macho tangu nilipotaja choo. Ana haki. Ameandika kila neno, nami nimemsikiliza akinisomea, hakupunguza.

Mwana wa watu, nilikunyima mguu wako miaka minane, nikakuita mvivu. Nakuomba radhi.

Karatasi hii apelekewe mama yake huko uani. Asisomewe akiwa amesimama. Aletewe kwanza kiti.